Kuachia Kiti Baada ya Kushindwa

Treni ya Reli ya Kati ikitoka Tabora kuelekea Kigoma hupita Usoke, halafu Urambo, halafu Kaliua. Ni nchi ya tumbaku na asali, na kisiasa ni ngome ya CCM tangu zamani. Urambo ndiko alikokuwa mbunge Samuel Sitta, Spika wa Bunge la Tisa. Hata hivyo, Oktoba 2015 jimbo la Kaliua, ambalo eneo lake lilikuwa sehemu ya Urambo, lilimpeleka bungeni Magdalena Sakaya wa CUF. Mwaka 2020 likarudi CCM. Katikati ya miaka hiyo CUF ilikuwa imepasuka vipande viwili kwa kugombea nani ndiye mwenyekiti, na Sakaya, aliyekuwa Naibu Katibu Mkuu kwa upande wa Bara, hakuwa mtazamaji. Kwa hiyo mpiga kura wa Usoke anayedhani kwamba uongozi wa vyama ni mambo ya Dar es Salaam anajidanganya, maana majirani zake wa Kaliua wamewahi kuulipia. Hoja yangu ni kwamba chama kilichoshindwa hakiponi kwa kupata sura mpya kitini. Kinapona pale ambapo aliyeangushwa katika uchaguzi wa ndani anaziona kura zikihesabiwa na kuridhika nazo, na hilo hutegemea kanuni zilizoandikwa kabla mambo hayajaharibika.

Tuanze na CUF, kwa sababu mhusika wake mkuu ni mtu wa mkoa huu wa Tabora. Profesa Ibrahim Lipumba, mzaliwa wa Ilolangulu, aliongoza chama hicho tangu 1999. Agosti 2015, UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani uliojumuisha CUF na CHADEMA, walipomkubali Edward Lowassa aliyetoka CCM kuwa mgombea urais, Lipumba alijiuzulu. Chama kikaingia kwenye uchaguzi bila mwenyekiti wake. Bara muungano ukashindwa. Zanzibar matokeo yakafutwa, na uchaguzi wa marudio wa Machi 2016 CUF ikaususia. Chama kilichotoka katika pigo la namna hiyo kilihitaji kujipanga upya, lakini Juni 2016 Lipumba akaandika barua nyingine kwamba anatengua kujiuzulu kwake. Hoja yake ilikuwa ya kikatiba: mkutano mkuu uliomchagua ulikuwa haujakubali kujiuzulu kwake, hivyo bado ni mwenyekiti. Agosti mkutano mkuu ukaitwa Ubungo kulimaliza jambo hilo, ukavunjika kwa vurugu. Septemba Msajili wa Vyama vya Siasa akasema anamtambua Lipumba.

Kilichofuata kinafaa kutazamwa kwa karibu. Lipumba na wenzake walikuwa Buguruni, Dar es Salaam, Katibu Mkuu Maalim Seif Sharif Hamad na wenzake walikuwa Zanzibar, na kila upande ulijiita CUF. Mwanachama wa tawi la kijijini, mwenye kadi ileile na bendera ileile, alikuwa na viongozi wa kitaifa wawili wasiosalimiana. Ruzuku ikawa kesi. Julai 2017 wabunge 8 wa viti maalumu wakavuliwa uanachama na upande wa Lipumba na nafasi zao kujazwa wengine. Machi 2019 Mahakama Kuu ikaamua kwa faida ya Lipumba, na siku hiyohiyo Maalim Seif akahamia ACT-Wazalendo na wafuasi wake. Lipumba alishinda kiti, chama kikamponyoka: mwaka 2000 alipata zaidi ya asilimia 16 ya kura za urais, mwaka 2020 hakufikisha asilimia 1. Na yote yalianzia kwenye swali ambalo katiba yoyote ya chama ingeweza kulijibu kwa mstari mmoja usio na utata: aliyejiuzulu anahesabika ameondoka lini?

Sasa tazama CHADEMA. Novemba 27, 2024 ulifanyika uchaguzi wa serikali za mitaa, na kwa matokeo yaliyotangazwa CCM ilichukua takriban asilimia 99 ya vijiji. Kabla ya hapo, mwaka 2020, CHADEMA ilikuwa imeambulia jimbo moja tu nchi nzima, Nkasi Kaskazini. Freeman Mbowe alikuwa mwenyekiti tangu 2004. Desemba Tundu Lissu, makamu wake, akatangaza kukitaka kiti hicho, na mojawapo ya hoja zake ilikuwa kurejesha ukomo wa madaraka ndani ya chama. Kampeni zilikuwa za maneno makali, hata wapenzi wa chama wakaingiwa na hofu. Januari 21, 2025, ukumbi wa Mlimani City, wajumbe wakapiga kura na hesabu ikakesha huku nchi ikitazama moja kwa moja. Lissu alipata 513, Mbowe 482, Odero Charles Odero 1. Pengo ni kura 31, yaani wajumbe 16 tu wangehama upande, mshindi angekuwa mwingine. Kwa pengo jembamba kama hilo, mwenye kutaka kupinga angepata pa kushikia. Mbowe hakusubiri hata tangazo rasmi; alimpongeza mwenzake alfajiri ile. Nadhani hilo halikuwa suala la hulka njema peke yake. Kura ziliwekwa na kuhesabiwa mbele ya macho ya kambi zote, na asiyeridhika alikuwa hana pa kupeleka hadithi nyingine.

Kuna pingamizi zito hapa. Wengi watasema kwamba upinzani Tanzania haushindwi kwa sababu ya wenyeviti wake. Wagombea wanaenguliwa, mawakala wanazuiwa, na tume haiaminiki. Basi kubadili kiongozi kunasaidia nini? Hata Lissu hakukaa muda mrefu akiwa huru: Aprili 2025 alikamatwa Mbinga na kushtakiwa kwa uhaini, na siku chache baadaye Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ikakiondoa chama kwenye uchaguzi wa Oktoba kwa kutosaini kanuni za maadili. Pingamizi hili ni la kweli, wala sisemi kwamba uchaguzi mzuri wa ndani unafungua milango ya nje. Lakini linathibitisha hoja badala ya kuibomoa. Katika uwanja ulioinama, kila ufa wa ndani ni mlango wa mtu wa nje. Mei 2025 Msajili alikataa uteuzi wa baadhi ya viongozi wa CHADEMA, Katibu Mkuu John Mnyika akiwemo, kwa maelezo kwamba kikao cha Baraza Kuu kilichowathibitisha hakikuwa na akidi. Kura 513 hakuna aliyezigusa. Kilichoshikwa ni akidi ya kikao kilichofuata, pale ambapo, kwa mujibu wa Msajili, utaratibu ulilegea.

Wengine watakumbusha kwamba mwezi huohuo Salum Mwalimu, Benson Kigaila na wenzao, waliokuwa viongozi wa CHADEMA, walihamia chama cha CHAUMMA, kwa hiyo chama kilimeguka vilevile. Ndiyo, kilimeguka. Ila waliondoka kwa kutokubaliana na msimamo wa kutoshiriki uchaguzi bila mabadiliko, na hiyo ni sababu halali ya watu kuachana katika siasa. Tofauti na CUF, hapakuwa na mwenyekiti wa pili wa CHADEMA aliyedai kuwa yeye ndiye halali. KANU ya Kenya haikubahatika hivyo: baada ya kuanguka 2002 ilimchagua Uhuru Kenyatta mwaka 2005, Nicholas Biwott akakataa, mwaka uliofuata akajifanyia mkutano wake Mombasa, na mahakama ikabidi iseme nani ni mwenyekiti.

Na wale wanaosema mzoefu asiguswe wakati wa dhoruba, jibu lao liko Urambo kwenyewe. Mtemi Mirambo aliishika njia ya misafara ya Tabora na Ujiji kwa nguvu na akili zake mwenyewe, na alipofariki mwaka 1884 dola yake haikumaliza hata miaka 10 ikiwa na nguvu zake. Kila kitu kilikuwa kimening'inia kwenye uhai wa mtu mmoja.

Desemba 2024 CUF ilimchagua tena Lipumba kuwa mwenyekiti. Mwanachama wa Usoke, awe wa chama chochote, hana uwezo wa kuzuia hayo akiwa tawini kwake. Anao uwezo wa kuomba nakala ya katiba ya chama chake na kutafuta ibara zinazohusu kujiuzulu, ukomo wa uongozi na akidi ya vikao. Akikuta haziko wazi, alipeleke jambo hilo kwenye mkutano wa tawi sasa, kabla ya majina ya wagombea kutajwa.