RDC: Mandombe, maandishi yaliyotoka ukutani, yangali yanasubiri nafasi kwenye simu

Yote yalianzia kwenye ukuta wa matofali. Mwaka wa 1978, huko Mbanza-Ngungu, jimbo linaloitwa leo Kongo Central, kijana David Wabeladio Payi aliona katika mistari ya simenti alama mbili: moja kama 5, nyingine kama 2. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliyemfunulia ni Simon Kimbangu, nabii aliyefariki gerezani Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka wa 1951.

Kutoka alama hizo mbili akajenga maandishi kamili, Mandombe, ya kuandika Kikongo, Lingala, Tshiluba na Kiswahili. Kanisa la Kimbanguiste ndilo lililoyasambaza zaidi.

Ugumu wake, na pia uzuri wake, uko katika kugeuza. Konsonanti inaunganishwa na vokali, silabi nzima inakuwa umbo moja la pembe-pembe. Umbo hilo likipinduliwa kama kwenye kioo, kulia, kushoto, juu au chini, linasomwa kwa sauti nyingine. Mwanafunzi wa darasa la kwanza anaijua taabu hiyo: b, d, p na q ni karibu umbo moja, na kila mwaka kuna watoto wanaozichanganya. Katika Mandombe, karibu herufi zote ziko hivyo. Jicho linahitaji mazoezi mengi, na hilo wapenzi wake hawalisemi mara nyingi.

Wabunifu wengine walifanya hesabu ya namna hiyo. Mwingereza J.R.R. Tolkien, katika herufi zake za Tengwar, aliongeza tao la pili ili sauti ya t iwe d, na p iwe b. Lakini yeye aliwaandikia viumbe vya hadithi. Wabeladio aliandikia lugha zinazosemwa sokoni kila asubuhi.

Hapo ndipo shida ya leo ilipo. Guinea, ndugu wawili wa ukoo wa Barry walibuni Adlam kwa ajili ya Kifulani mwishoni mwa miaka ya 1980, wakiwa bado watoto. Mwaka wa 2016 herufi zao ziliingizwa katika Unicode, orodha ya kimataifa inayoziwezesha simu na kompyuta kutambua maandishi. N'Ko ya Solomana Kanté, iliyobuniwa mwaka wa 1949, iliingia mwaka wa 2006. Mapendekezo ya Mandombe yamewasilishwa pia, ila bado hayajapata nafasi. Adlam na N'Ko hupanga herufi moja moja kwenye mstari. Mandombe huziunganisha na kuzigeuza, na kuieleza kompyuta kazi hiyo si rahisi.

Wabeladio alifariki mwaka wa 2013 bila kuliona hilo. Kwa sasa, anayetaka kutuma salamu za Mandombe kwa simu ya kawaida anaziandika kwenye karatasi, anapiga picha, kisha anatuma picha.