Posta au Kijitonyama: kinachokula pesa si kiingilio

Mkazi wa Mbagala asiyeona akitaka kwenda makumbusho, asianze kwa kuuliza kiingilio. Cha Mtanzania ni kidogo. Mgeni wa nje ndiye anayelipa pesa ndefu. Mfuko hutobokea barabarani. Ukipanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, ukiwa na mtu wa kukuongoza, ni nauli nane. Bado hamjala.

Sasa nauli hizo uzipeleke wapi? Makumbusho ya Taifa, kule Posta, Mtaa wa Shaaban Robert, yalifunguliwa 1940, na vitu vyake vingi vya thamani vimefungiwa kwenye kabati za vioo. Kisa cha Zinjanthropus, fuvu aliloligundua Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959, utasimuliwa na mwenzako. Mkono wako utaishia kwenye kioo. Kusimuliwa tu, kwa nauli nane, naona ni ghali. Nakala ya plasta ya kupapasa ingebadilisha kabisa hesabu hii.

Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama, kiko jirani na stendi ya Makumbusho, na humo nyumba zenyewe ndizo maonyesho. Kwenye msonge wa Wahaya unainama mlangoni na kupapasa nyasi zilizoteremka kutoka kileleni hadi karibu na ardhi. Ukihamia tembe la Wagogo, unakutana na ukuta wa udongo na paa lililolala bapa. Omba ruhusa kabla ya kugusa, na usiache fimbo nyeupe nyumbani, maana si njia zote zilizo tambarare. Kwa asiyeona, mimi nachagua hapa bila kusita.

Kwa kiziwi mambo yanageuka. Posta kuna maandishi, kwa hiyo anayesoma anaweza kuzunguka peke yake kwa nauli ya mtu mmoja. Kijitonyama utamu uko mdomoni mwa mwongozaji. Bila mkalimani wa lugha ya alama utaona nyumba na kukosa habari zake. Malipo ya mkalimani yanamuumiza mtu mmoja, lakini mkichanga kumi yanabebeka, na Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, ndipo pa kuanzia kumtafuta. Pangeni siku ya ngoma: mdundo unaingia kifuani hata kwa asiyesikia. Ulizeni mapema kama ngoma inalipiwa kando.

Na msindikizaji? Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010, lakini msingoje iwasemee; dirishani ombeni wenyewe aingie bure, kabla hamjatoa hela. Amekuja kuwa macho ya mwenzake, hakuja kutalii.