Ukitafuta programu, upate uliyoitaka

Mgeni akishuka pale Misigiri, mkoani Singida, akauliza njia ya kwenda Kiomboi, mwenyeji hamsimulii habari za barabara ya Nzega. Humwonyesha ile moja aitakayo. Leo tuzungumzie kazi hiyo hiyo inapofanywa na kompyuta, yaani kumtafutia mtu programu katika duka lililomo ndani ya kompyuta yenyewe.

Maduka ya namna hii, kama lile lililowekwa katika Ubuntu mwaka 2009, huwa na maelfu ya programu. Tuseme mfanyabiashara wa vitunguu anataka programu ya kumwekea daftari la mapato na matumizi. Anaandika "mahesabu". Analetewa michezo ya watoto ya kujumlisha na kutoa. Ile anayoihitaji, iliyoelezwa kwa neno "uhasibu", haionekani. Atasema haipo. Kumbe ipo, ila duka halikumwelewa.

Tatizo hilo lina dawa. Kwanza, neno likiwa katika jina la programu lipewe uzito zaidi kuliko likiwa katika maelezo marefu. Pili, maneno yenyewe hayalingani. Neno "programu" limo karibu katika kila maelezo, kwa hiyo halitofautishi kitu. Neno adimu ndilo linaloonyesha njia. Jambo hilo lilielezwa mwaka 1972 na Bibi Karen Spärck Jones, mtaalamu wa Cambridge, Uingereza, na wazo lake lingali linatumika katika mitambo ya kutafuta.

Tatu, kuna Kiswahili chenyewe. Andika, mwandishi, uandishi na maandishi ni ndugu wa mzizi mmoja, lakini kompyuta inayolinganisha herufi za mwanzo huwaona wageni. Hapana budi ifundishwe kuvua viambishi. Hata hivyo isivue ovyo: ukiondoa "ku" katika "kuku" hubaki na kitoweo. Ndiyo maana huhitajika kamusi ya kuikagua kazi hiyo. Aidha, iwepo orodha ya maneno yanayokaribiana kwa maana, ili "mahesabu" ifike kwenye "uhasibu".

Nne, idadi ya watu waliochukua programu isaidie tu pale mambo mengine yanapolingana. Ikitawala, programu ya Kiswahili yenye watumiaji wachache haitapanda juu kamwe.

Tutajuaje kwamba duka limeboreka? Hukusanywa maswali halisi ya watumiaji, watu huamua jibu lililo sahihi kwa kila swali, kisha hutazamwa kama jibu hilo limo katika matano ya mwanzo. Kila badiliko hupimwa kwa maswali yale yale, maana kurekebisha swali moja huweza kuharibu kumi.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Ulionyesha kwamba kazi hii yawezekana hapa kwetu. Programu huria hupokea msaada wa yeyote, hata orodha ya maneno. Fundi aliye ng'ambo hawezi kujua kwamba mfanyabiashara wetu husema "mahesabu" akimaanisha uhasibu. Asipoambiwa nasi, ataambiwa na nani?