Fahamu: Mkopo wa elimu ya juu Uganda

Ni nini?
Ni fedha za serikali zinazotolewa na Bodi ya Ufadhili wa Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Si msaada wa bure: hurejeshwa.

Nani anaomba?
Raia wa Uganda mwenye uhitaji, aliyepata nafasi katika chuo na kozi zinazotambuliwa.

Mkopo unalipia nini?
Ada ya masomo, gharama za utafiti, na vifaa vya wanafunzi wenye ulemavu. Chumba cha kupanga, chakula na nauli ya boda hadi chuoni ni juu ya mwanafunzi.

Usiupoteze mkopo
Iarifu bodi kabla ya kubadili kozi au kuahirisha masomo. Soma mkataba wote kabla ya kutia sahihi.