Breki mpya, pedali laini: Kwa nini hutokea, na dereva afanye nini?

Barabara inayoshuka kutoka Bugarama hadi Bujumbura, nchini Burundi, humlazimu dereva kutegemea breki kwa kilomita nyingi mfululizo. Hali ni hiyo hiyo katika milima ya Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, na kaskazini mwa Rwanda. Katika miteremko ya namna hiyo, gari lililotoka gereji likiwa limefungwa breki mpya, lakini pedali yake ikazama laini chini ya mguu, ni hatari kuliko lile ambalo mwenyewe anajua kuwa breki zake zimechakaa.

Madereva wengi huamini kuwa ulaini huo utakwisha vifaa vipya vikishazoea. Ni kweli kwamba pedi mpya zinahitaji muda ili uso wake ulingane na ule wa diski, na kwa kilomita za mwanzo huenda zisishike vizuri. Lakini pedali inayokaribia kugusa sakafu ni jambo jingine, na halitibiwi kwa kuendelea kuendesha gari.

Breki za gari dogo hutegemea kimiminika kiitwacho mafuta ya breki. Dereva akikanyaga pedali, masta silinda husukuma mafuta hayo katika mabomba hadi kwenye magurudumu, nayo husukuma pistoni zinazobana pedi. Kimiminika hakibonyei kwa urahisi, ndiyo maana nguvu ya mguu hufika kwenye gurudumu. Hewa hubonyea. Mapovu machache ndani ya bomba hutosha kuimeza nguvu hiyo kabla haijafika.

Pedali yenyewe hueleza kasoro

Iwapo pedi pekee ndizo zilizobadilishwa, pistoni huwa zimerudishwa nyuma ili pedi nene zipate nafasi. Dereva anapaswa kukanyaga pedali mara kadhaa kabla gari halijasogea. Ikipanda na kubaki juu, hakuna tatizo. Vilevile, pedali kushuka kidogo mara injini inapowashwa ni kawaida, kwa kuwa injini huanza kuusaidia mguu.

Iwapo pedali hupanda ikikanyagwa mfululizo, kisha hulegea tena baada ya kupumzishwa, sababu huwa mojawapo kati ya mbili. Ikidunda kama mpira uliojaa upepo, kuna hewa kwenye mabomba. Ikishuka sana lakini mwishowe ikawa ngumu, huenda breki za dramu za nyuma hazijarekebishwa, na shuu ziko mbali mno na dramu.

Iwapo pedali huzama polepole huku mguu umetulia juu yake, mafuta yanapotea mahali. Fundi akague maungio, mabomba ya mpira na upande wa ndani wa magurudumu. Asipoona unyevu, na kiwango cha mafuta hakipungui, masta silinda ndiyo inayoshukiwa kwanza: huenda raba zake za ndani zinapitisha mafuta.

Kutoa hewa ipasavyo

Hewa huingia bomba linapofunguliwa au kikopo cha mafuta ya breki kinapokauka wakati wa kazi. Kwa kawaida fundi huanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa gari lenye usukani wa kulia, hilo huwa la nyuma kushoto. Kwa lenye usukani wa kushoto, la nyuma kulia. Hata hivyo, baadhi ya watengenezaji huagiza utaratibu tofauti, na mwongozo wa gari ndio wa kufuatwa. Kikopo kijazwe kila mara, la sivyo hewa mpya huvutwa ndani na kazi huanza upya.

Kuna makosa mawili ambayo huwasumbua hata mafundi wazoefu. La kwanza ni kufunga kalipa ya kulia upande wa kushoto. Skrubu ya kutolea hewa hubaki chini, ilhali hewa hukaa juu, hivyo haitoki hata ikitolewa siku nzima. La pili ni kukanyaga pedali hadi sakafuni katika gari kuukuu. Raba za masta silinda hupita mahali zisipofika kila siku, penye kutu na uchafu, nazo huchanika.

Kwa magari yenye mfumo wa ABS, mapovu yanaweza kubaki ndani ya mtambo wake, na wakati mwingine huhitajika kompyuta ya gereji kuyatoa.

Mafuta ya injini hayafai kabisa kujazia, kwani huvimbisha raba za breki. Mafuta ya breki yatoke kwenye chupa ambayo haikukaa wazi, kwa sababu hufyonza unyevu wa hewani. Aina ya DOT 4 ikiwa mpya huanza kuchemka ikifikia nyuzijoto 230 za Selsiasi au zaidi; ikishafyonza maji, kiwango chake cha chini kinachokubalika ni 155. Breki zikipata moto mteremkoni, mafuta hayo yanaweza kuchemka na kutoa mvuke, ambao nao hubonyea kama hewa.

Kabla ya kulipokea gari, mwenyewe akanyage pedali kwa nguvu, injini ikiwa imewashwa, na aishikilie kwa nusu dakika. Ikizama, gari libaki gereji. Ikisimama imara, lijaribiwe kwa mwendo mdogo mahali tambarare, kabla ya kukabidhiwa mlima.