Mshairi na Kamusi Yake: Frédéric Mistral na Lugha ya Kioksitani

Kioksitani ni mojawapo ya lugha zilizochipuka kutoka Kilatini, na makao yake makuu ni kusini mwa Ufaransa. Katika Karne za Kati kilisifika kwa ushairi wake. Kufikia karne ya 19 kilikuwa kimeshushwa hadhi, kikihesabiwa kuwa msemo wa wakulima usiostahili kuandikwa. Frédéric Mistral, aliyezaliwa Maillane, mkoani Provence, tarehe 8 Septemba 1830, alikulia katika shamba la baba yake ambako hicho ndicho kilichozungumzwa, kisha akapelekwa katika shule zilizofundisha kwa Kifaransa. Huko Avignon mwalimu wake mmoja, Joseph Roumanille, alikuwa mwenyewe akitunga mashairi kwa lugha ya nyumbani. Mistral alisomea sheria Aix-en-Provence, akahitimu mwaka 1851, lakini hakufanya kazi ya uwakili. Alirudi shambani kuandika.

Mwaka 1854 yeye, Roumanille na wenzao watano waliasisi Félibrige, chama cha kuihuisha lugha na fasihi yake. Mwaka 1859 ukatoka utenzi wake *Mirèio*, wenye sehemu 12, ukisimulia mapenzi ya binti wa mkulima tajiri na kijana fukara msukaji wa vikapu. Mshairi Lamartine aliusifu sana jijini Paris, na Gounod akautungia opera mwaka 1864. Kisa chenyewe ni chepesi. Uzito wake umo katika msamiati: uchumaji wa majani ya mforsadi kwa ajili ya viwavi wa hariri, uchungaji, uvuvi, pepo na mimea, kila kimoja kwa jina lake. Msomaji makini huona humo mwanaleksikografia akiwa tayari kazini.

Kamusi ilifuata. *Lou Tresor dóu Felibrige* ilichapishwa kwa mafungu kati ya mwaka 1878 na 1886, ikawa mabuku mawili makubwa. Chini ya kila kidahizo Mistral aliorodhesha maumbo ya lahaja mbalimbali, maneno ya lugha za jirani yenye asili moja, maana kwa Kifaransa, methali na mifano kutoka kwa waandishi. Majina ya mahali na ya koo nayo yamo. Miaka hiyo si ya kupuuzwa. Sheria za Jules Ferry za mwaka 1881 na 1882 zilifanya elimu ya msingi kuwa bure na ya lazima, na lugha ya elimu hiyo ilikuwa Kifaransa. Katika shule nyingi mtoto aliyesikika akizungumza lugha ya kwao aliadhibiwa. Kwa hiyo Mistral alikuwa akikusanya maneno wakati uleule watoto walipokuwa wakizuiwa kuyatamka.

Kamusi hiyo ilikuwa pia hoja. Kwa kuziweka lahaja zote pamoja, kuanzia Gascony hadi milima ya Alps, ilidai kwamba hizi si lugha ndogondogo zilizotawanyika bali ni lugha moja. Hata hivyo, hapa ndipo penye udhaifu wake. Vidahizo viliandikwa kwa Kiprovansali cha bonde la Rhône na kwa tahajia iliyofuata matamshi ya huko, tahajia ambayo Mistral na Roumanille waliifikia baada ya kubishana. Neno lenyewe la "lugha" likaandikwa *lengo*, ilhali maandishi ya kale yalikuwa na *lenga*. Mzungumzaji wa Gascony alilazimika kulitafuta neno lake chini ya umbo la watu wengine. Haikushangaza kwamba upinzani ulizuka magharibi, na sarufi ya Louis Alibert ya mwaka 1935 ikapendekeza tahajia iliyo karibu zaidi na ile ya kale. Mgogoro huo haujaisha: hadi leo Provence kuna wanaotumia tahajia ya Mistral na wanaotumia ile nyingine, na pande zote mbili huifungua kamusi ileile.

Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka 1904, aliyoipata pamoja na Mhispania José Echegaray, ilitambua ushairi wake na, kwa kutajwa waziwazi, utafiti wake wa lugha. Heshima ambayo wanafilolojia ni nadra kuipata. Fedha hizo Mistral alizitumia kulipanua Museon Arlaten, jumba la makumbusho alilokuwa ameliasisi mjini Arles, ambamo mavazi, zana za kilimo na vyombo vya nyumbani vya Provence viliwekwa. Alifariki Maillane tarehe 25 Machi 1914.