Mdudu wa meno hayuko: namna plake inavyojengeka juu ya jino

Katika miji na vijiji vya Kivu, Ituri na Maniema, jino likianza kuuma watu wengi wanasema: mdudu ameingia. Kuna wenye kutafuta dawa ya kumfukuza huyo mdudu, na kuna wanaokwenda moja kwa moja kungoa. Lakini ndani ya jino lililotoboka hamna mdudu wa kulitafuna. Kilichomo ni kazi ya mikrobe ndogondogo zisizoonekana kwa macho, na kazi hiyo ilianza miezi mingi, wakati mwingine miaka, mbele ya maumivu.

Inaanza na mate. Mtu akimaliza kusukula meno, jino linabaki tupu kwa muda mfupi sana. Katika sekunde chache protini zilizo katika mate zinaanza kulishika, na baada ya dakika chache jino lote limevikwa utando. Sababu ni kwamba gamba la jino limejengwa kwa kalsiumu na fosfati, sawa mfupa lakini gumu zaidi, na protini fulani za mate zinavutwa na madini hayo. Ukichukua milimita moja ukaigawa mara elfu, kwa kawaida utando huo haufiki hata kipande kimoja.

Utando huu si adui. Unafanya jino liwe laini ili meno yasisuguane vibaya, na unapunguza nguvu ya asidi inayotoka katika malimao, maracuja ao sukre. Ni juu yake pia ndipo chai na kahawa zinashika rangi. Anayesugua kwa nguvu akitaka jino liwe tupu kabisa anajichosha bure, maana utando utarudi kabla hajapanguza kinywa.

Shida ni wageni wanaokaribia. Mate yamejaa mikrobe. Aina zaidi ya 700 zimekwisha kupatikana katika vinywa vya watu, na nyingi kati yao hazina ubaya. Zinazotangulia ni zile zinazoitwa streptokoki. Zenyewe zina vikonyo vidogo vinavyotambua protini za ule utando na kujifunga pale. Zikikwisha kukaa zinazaa, na aina zingine zinakuja kujishika juu yao. Ni sawa vile kartie mpya inavyojengwa kwenye mlima: wa kwanza wanashika ardhi, wa nyuma wanategemea ukuta wa jirani, na baada ya muda huwezi kubomoa nyumba moja bila kugusa nyingine.

Baada ya siku moja bila burosi, unaweza kuuona huo mji wa mikrobe wewe mwenyewe. Pitisha ukucha kwenye jino, karibu na ufizi, ile nyama inayolishika jino. Kinachotoka, cheupe ao cha manjano kidogo, chenye kunata, ndicho waganga wa meno wanaita plake. Wengi wanazani ni bugali iliyobaki. Hapana. Mabaki ya chakula yanaweza kutoka kwa maji, lakini plake haitoki hata usukutue kinywa mara kumi, kwa sababu mikrobe zimejitengenezea gundi yao. Inatoka kwa kusuguliwa tu.

Mtu mmoja wa Uholanzi, Antonie van Leeuwenhoek, aliyekuwa mfanyabiashara wa nguo mjini Delft, alikwangua uchafu huo katika meno yake na kuuangalia kwa kioo cha kukuza alichojitengenezea. Mwaka 1683 aliwaandikia wataalamu wa London kwamba ameona vinyama vidogo vikitembea. Kwa hiyo wanaosema "mdudu" hawako mbali kabisa na ukweli. Ila si mmoja, na hakai ndani ya shimo akisubiri kutolewa.

Sukari inaingia hapa. Mikrobe zinakula sukari kama sisi, na wakati wa kula zinatoa asidi. Tena sukari ya kawaida, ile ya chai na ya miwa, inasaidia aina moja inayoitwa Streptococcus mutans kutengeneza gundi nyingi zaidi, na plake inakuwa nzito. Asidi ikifungiwa chini ya plake inatoa kalsiumu ndani ya jino, kidogo kidogo. Mate yanapigana: katika nusu saa mpaka saa moja hivi yanapunguza asidi na kurudisha sehemu ya madini. Ndiyo maana kuhesabu vijiko vya sukari peke yake hakutoshi. Mwenye kunywa chai yake tamu pamoja na chakula, akamaliza, anawapa mate nafasi ya kufanya kazi. Lakini anayeuza sokoni akinywa sukre moja kidogo kidogo tangu saa tatu mpaka mchana, ao mtoto anayefyonza bombo njia nzima, mate yake hayapati nafasi hiyo. Usiku ni mbaya zaidi, sababu mtu akilala mate yanapungua sana. Ukiwa na nafasi ya kupiga burosi mara moja tu kwa siku, ifanye mbele ya kulala.

Upande wa pili ni ufizi. Mwaka 1965 watafiti wakiongozwa na Harald Löe, katika mji wa Aarhus, Denmark, walitangaza matokeo ya jaribio rahisi sana: watu 12 wenye ufizi mzima waliacha kusafisha meno. Katika siku 10 mpaka 21, wote ufizi wao ulivimba. Walipoanza tena kusafisha, ufizi ulipona karibu katika wiki moja. Damu inayotoka wakati wa kupiga burosi, basi, mara nyingi inatokana na plake iliyokaa. Watu wengi wakiiona damu wanaacha kusafisha mahali hapo, wakati pale ndipo panahitaji kusafishwa zaidi, polepole. Ikiendelea baada ya wiki mbili, inafaa kumuona munganga.

Plake isiyotolewa haibaki laini. Kalsiumu na fosfati za mate zinaingia ndani yake, na katika siku chache mpaka wiki mbili inaanza kuwa jiwe. Wenye kuongea Kifaransa wanaliita tatri. Jiwe hilo burosi haliwezi kulitoa, na kisu ao msumari vinakwangua jino lenyewe. Linatolewa na munganga wa meno kwa vyombo vyake. Lakini waganga hao ni wachache, na wengi wako mijini. Kwa mtu wa Shabunda ao wa Walikale safari hiyo ni pesa na ni hatari ya njia. Kwake yeye plake ya leo, ikiwa bado laini, ni rahisi kuliko tatri ya mwezi kesho.

Burosi ya nyuzi laini inatosha, kila mtu na yake. Anayekosa burosi anaweza kutumia kijiti kilichotafunwa mpaka ncha ikawa kama burosi, apitishe polepole pale jino linapokutana na ufizi. Dawa ya meno yenye fluori inasaidia jino kurudisha madini. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani, OMS, linaiweka katika orodha ya dawa za lazima. Mchanga na makaa yaliyosagwa vinang'arisha kwa sababu vinalimaliza gamba la jino, na gamba hilo halioti tena.

Kuna rangi isiyohusika na haya yote. Karibu na Goma, kuna watu wenye madoa ya kahawia kwenye meno ambao wamechekwa tangu shuleni kwamba hawapigi burosi. Maji ya sehemu zilizo karibu na Nyiragongo na Nyamulagira yana fluori nyingi, na mtoto anayeyanywa wakati meno yake bado yanajengwa ndani ya ufizi anapata madoa hayo. Fluori kidogo inalinda, fluori nyingi inaharibu. Kusugua hakutoi kitu, na aibu ile haina sababu.

Lakini ufizi wa mtoto mdogo usichezewe, hasa mwenye njaa ao aliyetoka kuugua surua. Ukivimba, ukitoa damu na harufu mbaya isiyo ya kawaida, inaweza kuwa mwanzo wa noma, ugonjwa wa mikrobe za kinywa unaokula shavu kwa siku chache. Unashika zaidi watoto wa miaka 2 mpaka 6, na usipotibiwa unaweza kuua mpaka 9 kwa 10. Mwezi wa kumi na mbili 2023 OMS iliuingiza katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahaulika. Mtoto mwenye dalili hizo apelekwe kwenye kituo cha afya siku ile ile: mwanzoni, antibiotiki, kusafisha kinywa na chakula cha kumtia nguvu vinaweza kuuzuia kabla shavu halijaguswa.